Panya apiga ngoma, ndege apiga zeze

Kosa nilifanya mwenyewe. Nimefika Portal, Arizona, Marekani, usiku wa mwezi mpevu, jangwa lote jeupe, na mimi nimejikunyata mbele ya tuta la panya-kangaruu, panya wa jangwani anayeruka kwa miguu ya nyuma kama kangaruu, nasubiri atoke, kumbe hawa jamaa mbalamwezi hawaitaki kabisa maana bundi anawaona. Saa tatu mpaka saa saba baridi tu. Mara chini ya ardhi nikasikia du-du-du, du-du, kama mtu anagonga meza kwa vidole. Ni miguu ya nyuma hiyo! Kila mmoja ana mdundo wake na majirani wanaujua, na nyoka akisogea anapigiwa pia, ajue ameshaonekana.

Baadaye akachomoza kidogo, mkia mrefu ncha nyeupe, akasukumia mbegu kwenye mifuko ya mashavu haraka haraka, akarudi. Maji ya kunywa hana shida nayo, mwili unayatengeneza humo humo kutokana na mbegu kavu.

Basi nikatoka ukavu ule nikaenda Milpe, kaskazini magharibi mwa Quito, Ekwado, huko ni mvua na matope, buti zinabaki nyuma mguu unaenda. Nikasikia tik, tik, tiiing, nikajua simu ya mtu. Wapi! Ni manakini mbawa-rungu, kindege cha rangi ya kahawia chenye kofia nyekundu, akaruka kidogo tawini akanyanyua mbawa mgongoni zikatetemeka hata huzioni. Unyoya mmoja una matuta saba, wa jirani yake umepinda unayakwaruza, mara 107 kwa sekunde, ndiyo hiyo tiiing. Na mfupa wake wa bawa ni mzito, umejaa, wakati kwa ndege wengi ni wazi ndani, yaani kakubali kubeba mzigo angani ili majike wamsikilize.

Nilienda kulinganisha mambo ya maji, nikarudi na hili la sauti. Wote mdomo wameuweka pembeni, ila panya anasema toka kwangu, manakini anasema njoo basi uone. Mimi kwa ufundi nampa ndege, kwa akili nampa panya, hajaongeza hata gramu.

Nilirekodi wote wawili. Ya panya inasikika vizuri, ya ndege ni koti langu la mvua tu, kwaruu kwaruu mwanzo mwisho.