Giza la Kukubaliana

Kazi yangu ni taa. Natundika spotilaiti kwenye kumbi za jiji hili, navuta nyaya, kisha naketi nyuma kabisa na dima, mashine ya kupandisha na kushusha mwanga, mbele yangu. Watu wakipiga makofi hawanigeukii, na sina neno. Lakini kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo sijaizoea mpaka leo: zile sekunde kabla ya onyesho, ninapozima zote. Ukumbi unanyamaza kabla ya mtu yeyote kuambiwa anyamaze. Aliyekuwa akitafuna njugu anaacha. Kama kuna mahali pengine nimeukuta utulivu wa namna hiyo, ni mahali pa ibada, na leo nimerudi nyumbani nikiwa nalo hilo moyoni.

Nairobi tunaishi na giza kama ubovu. Stima ikipotea, mtaa mzima unaguna kwa pamoja, halafu jenereta za wenye nazo zinaanza kunguruma. Ukikatiza kichochoro kisicho na taa unaficha simu na kukaza mwendo. Mitaa ya mabanda imewekewa mulika mwizi, milingoti mirefu inayowaka mpaka alfajiri, na usiku ambao haikuwaka watu wanalala na wasiwasi. Kwa hiyo watu wasiojuana kuketi bega kwa bega na kumruhusu mtu mmoja awazimie taa, si jambo dogo. Wamekubali. (Wengine wamekubali huku wameukumbatia mkoba, lakini wamekubali.)

Nafikiri hapo ndipo sherehe za mwanga na mikutano yetu ya sanaa zinapokutana. Wengi huona kufanana kwenye mwanga wenyewe, rangi na fataki. Mimi naona giza. Diwali, sikukuu ya taa yenye asili ya India, huangukia usiku usio na mwezi, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Hanuka ya Wayahudi huanza tarehe 25 ya mwezi wao wa Kislev, mwezi wa angani ukiwa umebaki ukucha, na siku zake 8 zinapita katikati ya giza hilo. Waliopanga kalenda hizo walijua walichokuwa wakifanya. Hata fundi wa taa asiye na dini angewapa tarehe hizo hizo.

Mama mwenye nyumba ninamopanga, hapa Ngara, ni Mwoshwal, jamii yenye asili ya India ambayo wengi wake ni Wajaini, na yeye ni Mjaini. Mwaka jana jioni ya Diwali aliniita nimsaidie kupanga vitaa ngazini kwa sababu magoti yanamsumbua. Nilimwangalia akitengeneza tambi. Anachukua pamba kidogo, anaisokota kwenye kiganja mpaka iwe uzi mnene, anaichovya kwenye samli, halafu ncha anaikamua kwa vidole viwili ili isimame. Kitaa chenyewe ni cha udongo, kidogo, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Nilitaka kuvisogeza viwili vilivyokaa upande, mkono wa fundi haujizuii.

"Wacha hivyo, kijana," akaniambia. "Hii si stegi yako."

"Haya, Mama. Na nikitoka baadaye nizime?"

"Hapana. Samli ikiisha, itazimika yenyewe."

Ndipo akanieleza kitu ambacho sikuwa nacho. Mimi nilijua Diwali ya Wahindu: mungu wao Rama anarudi mjini kwake Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni, watu wanamwashia njia. Masingasinga nao usiku huo wanamkumbuka kiongozi wao, Guru Hargobind, aliyetoka kifungoni katika ngome ya Gwalior pamoja na wafalme 52. Lakini Wajaini wanawasha kwa sababu Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliiaga dunia usiku huo. Wafalme waliokuwapo wakasema nuru ya maarifa imeondoka, basi tuwashe hii ya kawaida. Mtaa mmoja, usiku mmoja: nyumba hii inampokea arudiye, ile inaomboleza, na ukipita nje huwezi kuzitofautisha kwa taa zao.

Nilipanda chumbani nikiwaza maonyesho yangu. Ni mara ngapi nimemwaga mwanga mmoja wa buluu juu ya msichana anayekariri shairi, halafu safu ya tatu mtu anacheka na anayemfuata anafuta machozi? Zamani nilidhani mmoja wao hakuelewa.

Mimi nimelelewa Mkatoliki, Eastlands. Mkesha wa Pasaka sisi hatuna bahati ya Diwali, maana Pasaka huja Jumapili baada ya mwezi mpevu na nje kunaweza kuwa kweupe. Giza inabidi litengenezwe. Taa za kanisa zinazimwa zote, moto unawashwa uani, padre anachora tarakimu za mwaka kwenye mshumaa mkubwa, kisha unaingizwa ndani. "Mwanga wa Kristo!" "Tumshukuru Mungu!" Moto unapita kutoka mshumaa hadi mshumaa, kila mtu anamwinamia jirani yake. Kisha inaimbwa Mbiu ya Pasaka, na ndani yake wanatajwa nyuki waliotoa nta. Nilipokuwa mdogo hilo lilinifurahisha kuliko yote: kati ya Musa na Bahari ya Shamu kuna mtu aliyekumbuka kuwataja mafundi.

Ya Hanuka niliambiwa na mwanamuziki mmoja tuliyefanya naye kazi. Sinagogi ya Nairobi iko pale kona ya University Way na Uhuru Highway, si mbali na Kenya National Theatre, na nimepita nje yake na ngazi begani bila kujua chochote. Sheria yao ni kwamba mwanga wa mishumaa inayowashwa siku hizo hautumiki. Hairuhusiwi kuusomea wala kuufanyia kazi. Ni wa kutazamwa tu. Ndiyo maana kuna mshumaa mmoja wa ziada, wa kuwashia mingine, ili mtu akinufaika na mwanga ihesabiwe kuwa ni wa huo. Nimeipenda sana sheria hiyo. Taa zangu nazo hazimwongozi mtu nyumbani wala hazimulikii mboga. Sijamwambia mwenye ukumbi, kwa sababu yeye ndiye hulipa bili.

Na nisijifanye kwamba haya yote yalikuja kwa meli. Nyanya yangu hakukubali kusimulia ngano mchana, hata umbembeleze vipi. Mpaka giza liingie na moto ubaki makaa. Ukimuuliza sababu alikwambia uende ukachote maji.

Rafiki zangu wa sanaa wakizungumzia roho na moto hukimbilia Burning Man, tamasha la Marekani. Naielewa hamu yao. Jambo hilo lilianza 1986 kwenye ufuo wa Baker, San Francisco, kwa kuchoma sanamu ya mbao, na sasa linafanyika jangwani Nevada. Mdogo wake, AfrikaBurn, yuko Karoo, Afrika Kusini, tangu 2007. Kuchomwa kwa sanamu hakunivuti sana, ni kelele nyingi. Kinachonivuta ni hekalu la mbao ambalo wamekuwa wakilijenga tangu 2000. Watu huandika kutani majina ya wafu wao, na usiku wa mwisho linateketezwa, umati ukiwa kimya. Watu waliokwenda jangwani kustarehe wamejikuta wanahitaji mahali pa kuweka marehemu.

Nasi tulihitaji mahali kama hapo. Tarehe 7 Julai 2024, Uhuru Park, wasanii walipanda jukwaani kuwakumbuka vijana waliouawa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Hakukuwa na haja ya taa, lilikuwa jua. Lakini nilisimama pale nikajua hii si tamasha ninayoifahamu, maana watu walikuwa wanacheza na kulia kwa mwili mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa, mahali ambapo mfano unanikatikia. Asubuhi baada ya Diwali nilikuta sahani mlangoni pangu, chevda na barfi, imefunikwa kwa leso. Hakuna aliyeniuliza dini wala tiketi. Kwenye sanaa zetu kuna bawabu na kikuku cha karatasi mkononi, na soda bei mara mbili. Watu wanafungua mioyo yao kwa saa mbili, halafu kila mtu anatazama simu aone gari lake limefika wapi. Na tarehe haipangwi na mwezi, inapangwa na bajeti. Sherehe ya kale itakukuta hata usipotaka, hata mwaka ambao huna hela. Yetu ikikosa mfadhili haifanyiki, na hakuna anayehisi kwamba mwaka umekosa kitu. Hilo linaniuma zaidi ya bei ya soda.

Onyesho letu lijalo ni mwezi ujao. Nimemwandikia mwongozaji nikimwomba dakika moja kamili ya giza mwanzoni, bila muziki, bila tangazo la kuzima simu, halafu taa moja ndogo tu kabla ya zile kubwa. Amejibu kwamba wazo ni zuri, ila wafadhili wataketi mbele na watadhani stima imepotea. Amenipa sekunde kumi na tano.