Shangazi alipovunjika mkono

Ilikua Julai 2016, Dodoma na ile baridi yake ya upepo na vumbi, watu Makole wote wako na masweta ila shangazi yangu anazunguka na kanga moja anajipepea eti joto. Anakula ugali na mlenda sahani imejaa, baada ya muda anauliza jikoni kuna nini, afu anapungua tu, majirani washaamua ni sukari, wengine eti kuna mtu kamchezea. Siku hiyo akajikwaa kizingitini, akajizuia na mkono, kifundo kikavunjika. Yaani kujikwaa tu.

Hospitali wakamfunga plasta ngumu ya POP tukajua yameisha. Ila daktari mmoja kijana hakuridhika, akamwambia shangazi hebu nyoosha huo mkono ulio mzima, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikawa inatetemeka yenyewe. Akamshika shingo, akamwambia ameze mate. Majibu ya damu yakaja: homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, iko juu sana, TSH, ile homoni ya kutoka kichwani inayoiamrisha tezi, imelala kabisa, na kalsiamu imezidi kidogo.

Hapo kwenye kalsiamu ndo baba mdogo alichoka. Katoka Kibaigwa na dumu la maziwa na kopo la vidonge vya kalsiamu, maana mfupa ukivunjika si kila mtu anajua ni kalsiamu imepungua, sasa imezidije? Daktari akasema inatoka kwenye mifupa yenyewe. Mfupa una mafundi wa kubomoa na wa kujenga, mzunguko mmoja kawaida ni kama miezi sita hivi, homoni ikizidi unaenda mbio karibu nusu ya muda huo, wabomoaji wanamaliza wajenzi hawajaziba shimo, kwa hiyo kila mzunguko unaacha mfupa pungufu. Kalsiamu iliyobomolewa inamwagika kwenye damu, vile vitezi vidogo vinne vya nyuma ya thairoidi vikiona imejaa vinanyamaza, figo zinaiachia inatoka na mkojo, vitamini D nayo haiamshwi vizuri, basi hata utumbo unanyonya kidogo kwenye chakula. Na hedhi ilishakoma zamani, hiyo peke yake inakonda mifupa.

"Kumbe nakojoa mifupa yangu," shangazi akasema, akacheka. Mi sikucheka.

Akaandikiwa kabimazoli ya kushusha hiyo homoni, na propranololi ya kutuliza moyo, akaonywa akipata homa au koo likiuma awahi kupima damu maana dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Vidonge vya kalsiamu daktari akasema visubiri kwanza. Baba mdogo akanuna, kopo likapandishwa juu ya kabati, maziwa tukanywa sisi watoto wa nyumba.

Miezi ikapita, shangazi akaanza kuulizia sweta lake. Homoni ikashuka, kalsiamu ikakaa sawa, na daktari sasa akageuza maneno: mifupa imeanza kujijenga, inaihitaji, ameze kalsiamu na vitamini D, na dagaa ale. Baba mdogo kusikia hivo akapanda kiti mwenyewe, akalishusha kopo, akasoma tarehe ya kuisha, bado.

"Dada, si nilisema mimi?"