Herufi 4 tu, na mi nimeunguza kidole

Kidole gumba cha kushoto kina lengelenge na shati langu la kazini linanuka moshi wa risasi ya kulehemia, lakini wacha niandike leo leo kabla sijaanza kujiona fundi.

Iko hivi. Mwaka 2003 kaka alirudi nyumbani Pasua, mjini Moshi, na PlayStation ya kijivu, aliinunua kwa mtu aliyetoka nayo Ulaya, na ilikuja na CD moja tu, gemu ya magari. Chini ile CD ilikuwa nyeusi tii. Sa mtaani wakati huo kila mtu alikuwa anacheza CD za kunakili, zile unanunua mjini jina limeandikwa kwa makapeni, na PS yetu ilikuwa inazikataa zote, unaweka inazungukaaa af inakuletea maandishi ya kukuomba uweke CD ya PlayStation, kama vile ulichoweka ni sahani. Wenzetu walikuwa wanapeleka za kwao kwa fundi mmoja karibu na soko la Mbuyuni. Unamwachia asubuhi, anaingia nayo nyuma ya pazia, jioni unaichukua inakula kila kitu. Tulikuwa tunaenda kuchungulia anatufukuza. Kaka akagoma kabisa, "hii haifunguliwi", kwa hiyo tukacheza gemu moja ya magari miaka minne. Kona zote za ile gemu nazijua kuliko njia ya kwenda shuleni.

Na sisi watoto tulishajipa maelezo yetu: siri ni ule weusi. Kuna dogo mmoja alipaka CD ya kunakili rangi ya kiwi chini akaja nayo kwetu kujaribu. Kaka nusura ampige.

Miaka imepita, kaka yuko Tunduma na malori yake, PS ilibaki juu ya kabati la mama imefungwa kwenye kitenge. Mwezi uliopita nikaishusha. Inawaka! Ila ile CD imeanza ufa kwenye tundu la katikati na kila ikizunguka nahisi itapasukia humo ndani. Nikatengeneza nakala yake kwenye kompyuta, CD yetu wenyewe, gemu yetu wenyewe, nikaiweka, ikakataliwa kama zile za 2003. Hapo ndo nikakaa chini kutafuta sababu, na aisee, kumbe weusi haukuwa na kazi yoyote ya ulinzi. Ile ni rangi tu kwenye plastiki, na mwanga wa lenzi ya PS ni infraredi, ule usioonekana kwa macho, unapita kwenye huo weusi kama haupo.

Siri yenyewe iko kwenye mfereji. Data kwenye CD imeandikwa kwenye mstari mmoja mrefu unaozunguka kuanzia katikati kwenda nje, na kwenye CD halisi ya PlayStation pale mwanzoni kabisa ule mstari haujanyooka, unatikisika kidogo sana kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu, na huo mtikisiko ukiusoma unapata herufi 4. SCEE kama ni ya Ulaya, SCEA ya Marekani, SCEI ya Japani. PS ikiwashwa inapiga hodi pale mwanzoni mwa CD, isipojibiwa herufi za kwao hamna gemu. Ndo maana hata CD halisi ya Japani haikubali kwenye mashine ya Ulaya. Na kompyuta yako haiwezi kuunakili ule mtikisiko hata iwe ya bei gani, kwa sababu CD tupu unayonunua dukani inakuja na mfereji wake tayari umechongwa kiwandani, raita, ile mashine ya kuandikia CD, inafuata tu njia iliyokuta. Unanakili gemu nzima mpaka herufi ya mwisho, unachoacha ni jinsi barabara ilivyopinda.

Sasa kumbe yule fundi nyuma ya pazia alikuwa anaweka chipu ndani ya PS, na chipu kazi yake ni kusema hizo herufi 4. Basi. Haigusi gemu, haiongezi nguvu, haibadilishi kitu. PS inauliza "nani?", CD ya kunakili imekaa kimya, chipu inaitikia kwa niaba yake. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala, mtu tuliyemwogopa utotoni kama mganga alikuwa anaweka kitu cha kuitikia hodi! Halafu kuna utamu zaidi: chipu za mwanzo zilikuwa zinaropoka herufi muda wote hata gemu ikishaanza, wenye gemu wakashtuka, baadhi ya gemu zikawekwa mtego, zikisikia herufi mahali ambapo hazitakiwi kusikika zinagoma. Zikaja chipu za kisasa zaidi zinaitikia mara moja af zinanyamaza.

Fundi bado yupo, sasa hivi anatengeneza simu. Nilimfuata, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza. Akavuta kopo la maziwa ya unga chini ya meza, limejaa takataka za zamani, akachokora akatoa kachipu kana miguu 8, minne kila upande, amekatoa kwenye PS iliyokufa. Elfu tano. Nikamuuliza nikuletee uiweke? Akasema, "Si ulikuwa unachungulia? Kaweke."

Yaani alinikumbuka.

Sa mi kazi yangu ni ya kaunta, sijawahi kushika pasi ya kulehemia maishani. Jumamosi ya kwanza nilifanyia mazoezi kwenye redio mbovu na niliiharibu redio mbovu zaidi. Kosa langu lilikuwa moja ila nililirudia kama mara ishirini, nilikuwa nayeyushia risasi kwenye ncha ya pasi af naenda kuipakaza kama siagi kwenye mkate. Haishiki. Inakuwa kidonge kinakaa juu juu, ukigusa na kucha kinadondoka. Unatakiwa upashe moto ile sehemu yenyewe na waya wake kwa pamoja, risasi uilete baadaye iguse pale penye moto, inatiririka yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Na fluksi, ile dawa ya kufanya risasi ishike, jamani, fluksi! Nilidhani ni urembo.

Jumamosi ya pili nikafungua PS. Nilichomoa waya wa umeme nikasubiri kama saa nzima maana humo ndani kwenye kona kuna kibao cha umeme wa ukutani kabisa, volti 230, na kapasita, zile zinazotunza umeme, hazijui kwamba umechomoa. Nyaya nilizotumia ni za ile kebo bapa ya kompyuta za zamani, nyembamba safi. Nilikuwa na sehemu 6 za kuunga, nyingine ni mguu wa IC, yaani chipu ya PS yenyewe, wenye upana wa uzi. Mtoto wa dada alinishikia tochi ya simu kwa ahadi ya chipsi. Waya wa kwanza na wa pili vizuri, wa tatu nikakaza pasi muda mrefu kwa woga, na nilipoinua mkono kaduara ka shaba kakaja na waya. Kamebanduka. Nilikaa kama dakika tano naangalia tu. Mama akapita mlangoni, "Yesu na Maria, mnaunguza nini humo?" Nikamjibu hamna kitu mama. Dogo akasema, "Bibi, ameunguza ya anko." Asante.

Niliokoa kwa kufuata ule mstari wa shaba mpaka kituo chake kinachofuata, nikakwangua rangi ya kijani taratibu na wembe nikaungia hapo. Lengelenge ndo lilitokea hapo, kwenye wembe nilikuwa makini nikasahau pasi.

Jumamosi hii, yaani jana, TV ya chogo ya mama, nyaya za AV, CD ya kunakili ndani. Skrini nyeupe ya kwanza ikaja, hiyo inakuja hata ukiweka ugali. Inayotafutwa ni nyeusi ya pili, hiyo haiji mpaka CD ikubaliwe. Nikasubiri. Maandishi yale yale. Nikafungua, waya mmoja wa chipu, unaoitwa gate, ulikuwa umekaa na doa la risasi la kijivu lisilong'aa, nikapasha upya na fluksi. Nikawasha tena, nyeupe, kimya, kimya, CD inalia tsk tsk, nyeusi!! Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza nani amefunga goli. Mtoto wa dada alicheza raundi mbili akaniambia magari yana pembe pembe, akaomba simu yake.

Leo baada ya misa nikaipitishia kwa fundi, kusema ukweli nilienda kusifiwa. Akafungua, akavaa ile miwani yake ya lenzi, akakagua waya mmoja mmoja bila neno. Ile ya kukwangua na wembe aliiruka kabisa. Akasimama kwenye wa 6, ambao mi niliuona ndo mzuri kuliko wote, unang'aa kama hereni, akautikisa kwa kibano ukainuka. Akawasha pasi, sekunde mbili, amemaliza.

"Huu ungekusumbua wakati wa joto," akasema. "Elfu moja."