Viraka vya kushona safarini

Ukishona safarini viraka vya kuunganisha kuwa shuka, kata kila kitu nyumbani. Safarini kiti kinatikisika na mkasi unakwenda upogo, kwa hiyo mfukoni weka vipande tayari, uzi wa pamba, sindano mbili nyembamba na pini chache.

Miraba 9 ya inchi 2½, mitatu kwa mitatu, ikishonwa kwa mshono wa robo inchi hutoa kiraka cha inchi 6½. Chora mstari wa mshono kwa penseli upande wa ndani, usikisie kwa macho. Mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi tu, unakula 1/8 kwa sababu unachukua pande zote mbili. Safu ina mishono miwili, basi kiraka kimepungua robo inchi nzima. Ukikilazimisha kando ya wenzake, shuka litavimba katikati.

Uzi usizidi sentimita 45, la sivyo hujisokota na kufunga mafundo. Kila baada ya inchi moja rudisha sindano nyuma mara moja, ili mshono usifumuke ukivutwa.

Nguo kuukuu za familia ndizo hasa zinazolipa shuka thamani: shati la babu, gauni la mtoto aliyekua. Lakini fulana hunyumbuka. Ibandike nyuma kitambaa cha gundi, kile chembamba kinachoshika kwa pasi, kabla ya kukata. Nyekundu na buluu nzito zijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikishika rangi, fua kwanza.

Ukifika, piga pasi kwa kuikandamiza na kuinua. Ukiiburuta, miraba inavutika.