Cheti cha Audrey

Nina saiba ndogo Kondele, hapa Kisumu. Kazi kubwa ni fotokopi: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Nimeshika vyeti vya watu kuliko nilivyoshika noti.

Kuna dada mmoja alikuwa akija na cheti chake amekifunga ndani ya gazeti. Siku moja aliniomba nikate kipande cha karatasi nifunike jina na ile alama ya jinsia kabla ya kupiga kopi. Nikamkatalia, hiyo ni kughushi. Hakubishana. Aliporudi, alileta flashi.

"Kaka, nitolee hii yote."

Ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu, kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, yaani alipozaliwa aliandikwa mwanamume. Printa yangu siku hiyo ilikuwa inavuta ukurasa mmoja mmoja kama punda mgonjwa, basi nikawa nasoma. Kesi hiyo ilipoonyeshwa kwenye runinga mwaka 2013, nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Kumbe Audrey ni jirani kwa namna fulani, alisomea bayoteknolojia ya tiba hapo Maseno. KCSE alifanya 2001 akapata A-. Ukiwa na alama hiyo nchi hii unaringa. Lakini cheti kilisema mwanamume wa jina jingine, na aliyesimama mbele ya mwajiri alikuwa Audrey. KNEC, baraza la mitihani la taifa, wakakataa kukibadilisha. Huku bodi ya serikali nayo ikakataa kusajili shirika lake la kutetea watu transjenda, TEA, mpaka Jaji Odunga akaiamuru Julai 2014.

Oktoba mwaka huohuo Jaji Weldon Korir akaamuru KNEC watoe cheti kipya, chenye jina la Audrey, bila alama ya jinsia. Hoja yake hata mimi wa saiba niliielewa: maksi za mtihani hazitolewi kwa jinsia, kwa hiyo kuiondoa alama hiyo hakupunguzi uzito wa cheti. Na kanuni za KNEC zenyewe zilikuwa zinaruhusu cheti kurudishwa kirekebishwe. Miaka yote ile ya kuzungushwa, na ruhusa ilikuwa mezani kwao!

Kesho yake dada alirudi tupige barua ya kwenda KNEC.

"Tuanze na jina," akasema.

"Lipi?"

Akanitajia herufi moja moja, nami nikaandika.