Nilivyowalea Omo, Tanga, Ngama na Tezi

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Lamu, kwa hiyo paka wangu alipokaribia kuzaa, majina nilikuwa nayo tayari. Wa kwanza kutoka ataitwa Omo, yaani sehemu ya mbele ya jahazi, wa mwisho Tezi, sehemu ya nyuma, na wa katikati watagawana Tanga na Ngama, sehemu ya chini ndani ya jahazi maji yanapojikusanya. Huku Denmark ninakoishi, wafugaji wengi wa paka wa nasaba huchagulia kila uzao mada yake, maua, mito au nyota, ili hata miaka ikipita ujue nani na nani walizaliwa pamoja. Jina huandikwa kwenye cheti cha nasaba, nami nilitaka vyeti hivi vinukie pwani.

Ni haki yao. Hawa ni paka wa Sokoke, na asili yao ni msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa akiishi huko, alikuta paka na wanawe wenye mabaka kama gome la mti, akawafuga, na baadaye baadhi ya kizazi chao wakaletwa Denmark. Wagiriama walikuwa wakiwajua tangu zamani. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ni jamaa wa karibu wa paka wanaozurura vichochoroni Lamu. Niliposoma hilo nilimpigia mama simu papo hapo.

Walizaliwa wanne, wazima. Kazi yangu ya wiki za mwanzo ilikuwa mizani ya jikoni, bakuli lililotandikwa kitambaa, na daftari. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu mia hivi, na anatakiwa kuongeza gramu kumi hadi kumi na tano kila siku. Kwa macho huwezi kuona gramu kumi. Mizani inaziona, ndiyo maana nawasihi wote wanaofuga wapime kila siku, saa ile ile.

Daftari ndilo lililoniambia habari za Tezi. Wenzake walipanda, yeye akasimama palepale, kisha akashuka. Nilimshika tumboni nikamkuta baridi, na mdomo wake haukuwa na nguvu ya kuvuta. Hapo watu wengi hukimbilia maziwa, na ni hatari: mtoto wa paka aliyepoa hawezi kumeng'enya chochote. Nilimpasha joto kwanza, taratibu, kifuani mwangu ndani ya sweta, huku chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo ikingoja kwenye sanduku. Alipochangamka nikampa maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa sirinji isiyo na sindano, tone kwa tone, akiwa amelala kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Maziwa ya ng'ombe sikuyagusa, kwani huwaharisha. Daktari wa mifugo alimkagua, akaniambia niendelee hivyo hivyo mchana na usiku, na katikati ya vipindi nimrudishe kwa mama yake kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi. Asubuhi mizani iliposoma gramu nne zaidi, nililia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Macho yalifumbuka, ya buluu kama ya watoto wote wa paka, kisha yakaanza kugeuka. Omo alikuwa wa kwanza kuruka ukingo wa sanduku. Tanga alipanda mapazia. Ngama alipenda kapu la nguo chafu, humtoi. Wiki ya pili hadi ya saba ndiyo dirisha la kuwazoesha watu, basi nikaalika majirani, watoto na wazee wenye ndevu, wawashike na kuwazungumzisha. Paka aliyekosa hayo huishi kwa woga, na mnunuzi ndiye anayebaki na tabu.

Sikuwatoa hata mmoja kabla ya chanjo mbili na wiki kumi na tatu kutimia. Hawa manyoya yao ni mafupi, hayana pamba ya chini ya kutosha, kwa hiyo kila familia niliiomba iweke kitanda karibu na kipasha joto. Omo na Tanga walikwenda pamoja. Tezi aliondoka wa mwisho, akiwa amempita Tanga kwa uzito, na lile daftari nikamkabidhi mwenyeji wake mpya aliendeleze.