Nilivyoacha kumkimbia Mungu kila nikianguka

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambae ameokoka, anaimba kwaya, watu wanamwomba awaombee, afu usiku anaangalia picha chafu kwenye simu na asubuhi anashindwa hata kuigusa Biblia. Mi nilikua huyo mtu kwa miaka sita hivi.

Ilikua hivi, mke wangu keshalala, nimepunguza mwanga wa simu mpaka mwisho, naanza tu na video za kawaida za kupitisha muda, hasa siku nimechoka au nimeudhiwa, nakuja kushtuka niko kule. Nikimaliza nafuta historia yote, simu naisukuma chini ya mto, nabaki macho kwenye dari. Na hapo ndo nilikua naanza kujipa adhabu. Siombi siku tatu nne. Najiambia nitaombaje na uchafu huu, ngoja nikae hata wiki moja safi ndo nirudi nikiwa na kitu mkononi, na nikirudi narudi na ahadi, Bwana nitafunga, nitaamka usiku wa manane kila siku, usinitupe tu. Kumbe ndani ya hizo siku za kunyamaza ndo nilikua naanguka tena mara ya pili na ya tatu, maana nishajihesabu nimeharibika tayari.

Nikaja kumfuata mzee mmoja wa kanisa. Nilimwambia yote, sauti inatetemeka, sikuweza kumwangalia usoni. Hakushtuka wala hakunihubiria. Akauliza tu, "mwanangu, ukishaanguka unakaa siku ngapi bila kuongea na Mungu?" Nikamwambia tatu, sa nyingine wiki. Akafungua Luka 15, habari ya mwana mpotevu, akaniambia soma mstari wa 19, alafu soma wa 21, niambie kimepungua nini.

Nikasoma. Kijana akiwa bado kule kwenye nguruwe anapanga maneno ya kwenda kumwambia baba yake, na anamalizia na "nifanye kama mmoja wa watumishi wako". Mstari wa 21 sasa yuko mbele ya baba, anasema nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, basi, ile ya utumishi haipo. Hajaifikia. Baba keshaanza kuagiza vazi na pete na viatu. Na hapo katikati, mstari wa 20, baba ndo alimwona angali mbali akamwendea mbio akambusu, kijana hajafungua mdomo bado. Mzee akasema taratibu, "na ametoka kwa nguruwe, mwanangu, hajaoga."

Nililia pale pale. Miaka yote hiyo nilidhani zile siku zangu tatu ni toba, kumbe nilikua naomba kazi ya utumishi kwa Baba yangu ili nimlipe, wakati msalabani kishalipa Kristo.

Najua kuna mtu atasema hapo si unampa mtu ruhusa ya kutenda dhambi. Paulo mwenyewe alilileta swali hilohilo, Warumi 6, tudumu katika dhambi ili neema iwe nyingi, akajibu hasha. Kwangu mimi hofu ndo ilikua inanirudisha kule, rehema ndo ilinifanya niichukie ile kitu kwa mara ya kwanza.

Na sikukaa tu nikisema nimesamehewa. Simu ilihamia sebuleni, inalala huko, nikanunua saa ya mezani ya kuniamsha. Yusufu hakubaki kubishana na mke wa Potifa, aliacha vazi mkononi mwake akakimbia, na mi nilishaona nikibaki kujadiliana na simu kitandani nashindwa kila siku. Nikaanza pia kuangalia saa za jioni, maana mfalme Daudi kabla ya kuzini na Bathsheba alikua anatembea tu jioni juu ya dari ya nyumba yake wakati jeshi lake liko vitani, hapo bado hajafanya kitu. Mke wangu nilimwambia baadae, hiyo ilikua ngumu kuliko zote, na machozi yake siwezi kuyaandika hapa.

Nilikaa miezi mingi salama. Afu usiku mmoja, niko peke yangu sebuleni, nikaanguka. Lile baridi likarudi kifuani na mdomo ukaanza wenyewe, Bwana nitafunga... nikaacha. Nikapiga magoti hapohapo, simu bado ya moto mkononi, nikasema Baba nimekosa, nikaishia hapo. Nikaenda kumwamsha mke wangu nikamwambia.

Asubuhi nikamtumia mzee meseji, shikamoo mzee, jana nimeanguka. Akajibu, "marahaba, umeomba?" Nikamwambia nimeomba usiku uleule. Akaandika, "basi jioni uje na mwenzio tuombe."